Mzigo wa Mzee: Kutoka Frasila ya Ujiji Mpaka Dumu la Kidahwe

Ebu sema "mazoezi ya nguvu" mbele ya kijana yeyote wa Bongo uone anachokifikiria. Atafikiria uani kwa mtu, bomba la maji lililochomekwa makopo mawili yenye saruji kila ncha, benchi la mbao linalolialia, na mabaunsa watatu wamevua mashati. Kunyanyua vyuma, kutunisha misuli, basi. Mzee hayumo kwenye picha hiyo hata kidogo. Mzee tukimkuta njiani kabeba kitu, tuliolelewa vizuri tunakimbia kumpokea: "Shikamoo mzee, lete mzigo nikusaidie." Na mzee anaitikia marahaba, anaachia mzigo, anabariki, kila mtu anafurahi.

Sina ugomvi na adabu hiyo. Nataka tu tuangalie imetoka wapi, na inagharimu nini siku hizi. Na hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko Kidahwe.

Kwa wasioijua, Kidahwe ni njia panda. Ukitoka Kigoma mjini kwenda ndani ya nchi, ukaliacha ziwa nyuma na kupita bonde la mto Luiche, unafika hapo na kuchagua. Njia moja inapanda Kasulu, Kibondo, hadi Nyakanazi. Nyingine inakwenda Uvinza, inavuka Malagarasi na kuishia Tabora. Leo ni lami na bodaboda. Lakini uelekeo wenyewe ni wa zamani kuliko lami, kuliko reli, kuliko hata hilo jina la Tanganyika tulilopewa na wakoloni kama nchi. Hapa ndipo mizigo ya nusu ya bara ilipokuwa ikimalizia safari yake kuelekea Ujiji, na ilikuwa inakuja juu ya vichwa na mabega ya watu.

Tuanze na chumvi. Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watafiti John Sutton na Andrew Roberts waliochimba pale miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hiyo tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Chumvi haitembei yenyewe. Ilifungwa, ikabebwa kila upande, ikabadilishwa kwa jembe, kwa samaki, kwa mbuzi. Kwa hiyo kabla Mwarabu hajafika Ujiji na kabla Mzungu hajaliona ziwa, tayari watu wa upande huu walikuwa wabebaji.

Halafu ukaja msafara mkubwa. Karne ya 19 njia ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji ikawa barabara kuu ya pembe za ndovu, nguo, shanga, nyaya za shaba, na watu waliofanywa bidhaa. Umbali ni kama kilomita 1,200. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaliona ziwa Februari 1858, miezi saba na zaidi, ingawa misafara iliyojipanga vizuri ilikwenda haraka kuliko hapo. Stanley naye alivuka huo huo mto Luiche mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone Ujiji.

Sasa angalia hesabu ya mzigo. Kipimo cha pwani kilikuwa frasila, ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, na juu yake mwenyewe aliongeza mkeka wake, chungu chake, chakula chake na wakati mwingine bunduki. Nguo na shanga zilifungwa robota refu likakaa begani. Nyaya za shaba zilining'inizwa ncha mbili za mti, mtindo ulioitwa mzega. Pembe kubwa ilibebwa na mtu mwenye sifa yake maalumu, na mtu huyo alijisikia kweli kweli! Walianza alfajiri, kirangozi mbele, na jua lilipokuwa kali walitua. Kesho hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya wapagazi hawa, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wengine walikuwa watumwa. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 20 imezuka tabia ya kuwasifia wapagazi kana kwamba walikuwa timu ya riadha. Mtu aliyepata ndui njiani aliachwa njiani, na mifupa yake ilikuwa alama ya barabara kwa msafara uliofuata.

Lakini kuna jambo moja ambalo wasafiri wa wakati ule waliliandika na ambalo mimi nadhani ndiyo kiini cha habari yote hii. Walishangaa kuona watoto wa Kinyamwezi wakifuatana na misafara wamebeba vipembe vidogo, vya ratili chache tu. Mtoto hakupewa frasila mbili. Alipewa kipembe. Safari nyingine kikubwa kidogo. Alipofika umri wa kuoa alikuwa anabeba mzigo wa mwanamume na ameshakwenda pwani na kurudi.

Wagiriki wana hadithi yao ya Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, ambaye eti alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Kila kitabu cha mazoezi duniani kinaanza na Milo. Hakuna hata kimoja nilichokiona kinachoanza na mtoto wa Unyamwezi na kipembe chake, wakati yule wa Milo ni hadithi na huyu wetu ameonwa na watu kwa macho yao. Haya, tuliache hilo.

Reli ilifika Kigoma Februari 1914 na kwa nadharia ikapaswa kuumaliza upagazi. Kwa nadharia. Miezi michache baadaye vita ikaanza. Meli ambayo leo tunaiita Liemba ilikuwa imejengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Hebu jaribu kuwaza idadi ya mabega yaliyohusika kila sanduku lilipotoka kwenye chombo kimoja kwenda kingine. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 wakati Wabelgiji wanaikaribia Kigoma, Waingereza wakaiinua 1924 na kuirudisha kazini 1927.

Meli ikapona. Wabebaji wa vita ile hawakupona. Jeshi la Waingereza peke yake lilipoteza wabebaji wanaokadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mkazi wa Dar anayekwenda Kariakoo kununua simu anatamka kumbukumbu yao bila kujua, maana jina hilo limetokana na kikosi cha wabebaji, Carrier Corps. Na ukifika Kariakoo leo utawakuta bado wapo, magunia kichwani, "pisha pisha pisha!"

Baada ya vita mwili wa mtu wa Kigoma uliendelea kuwa bidhaa ya kusafirishwa. Waha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuajiri, SILABU, kilichofika mpaka Buha kutafuta watu. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, siku 30, mafungu ya mkonge kwa idadi. Aliyerudi nyumbani alirudi na baiskeli, blanketi na mgongo mbovu.

Nasimulia haya ili tuelewane kitu kimoja. Kwa babu zetu wa upande ule, uzito haukuwa mazoezi. Ulikuwa amri. Kupumzika ndiko kulikokuwa heshima, na aliyefika umri wa kukaa kibarazani akaletewa maji na wajukuu alikuwa ameshinda maisha. Ile "lete mzigo nikusaidie" imezaliwa humo. Mtoto anamwambia mzee: wewe zamu yako imekwisha, amri hiyo sasa iko juu yangu.

Na kusema kweli zamu ya wengi haikuisha hivyo. Operesheni Kigoma ya 1972 ilipohamisha watu kuwapanga kwenye vijiji kando ya barabara, mashamba ya wengi yalibaki kule kule walikotoka. Matokeo yake wanawake, wakiwemo wenye umri mkubwa, walitembea umbali mrefu zaidi na mzigo ule ule: kuni, mihogo, maharage, mtoto mgongoni. Halafu mawese. Asiyewahi kuona mawese yanavyokamuliwa kwa mkono anadhani mafuta yanatoka dukani. Mkungu wa chikichi unakatwa juu ya mti, unabebwa, matunda yanachambuliwa, yanachemshwa, yanatwangwa, yanakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena. Kisha kokwa zinapasuliwa moja moja kwa jiwe kupata mise. Mkono, bega, kiuno, goti. Siku nzima. Bibi wa miaka 65 yumo.

Sasa tuondoke ziwani kidogo, twende mashariki hadi ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, kwa sababu huko ndiko watafiti walikokwenda kuuliza swali ambalo Kigoma hakuna aliyelichukua kwa uzito: mtu mzima wa makamo na kuendelea anaweza kazi kiasi gani?

Mwaka 1989 Kristen Hawkes na wenzake walichapisha makala kuhusu mabibi wa Kihadzabe. Walikuwa wamekaa nao, wamehesabu saa, wamepima viazi pori. Waligundua kwamba wanawake waliokwisha kuacha kuzaa ndio waliotumia muda mwingi zaidi porini kuliko mabinti zao. Na kuchimba viazi vile siyo kuokota embe, ni kuchokonoa ardhi ngumu yenye mawe kwa mti uliochongwa, kwa muda mrefu. Kutokana na hao mabibi Hawkes alijenga hoja yake maarufu kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuzaa kwa sababu nguvu ya bibi ndiyo iliyolisha wajukuu. Yaani nguvu ya mzee haikuwa mabaki ya ujana. Ilikuwa na kazi yake.

Kundi lingine la watafiti, likiongozwa na David Raichlen, lilichapisha mwaka 2020 kitu kingine kutoka kwa watu hao hao. Wahadzabe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, sawa tu na watu wa ofisini Ulaya na Marekani. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea na kazi kidogo kidogo hata wakati wa stori. Hapa nilicheka peke yangu, maana kitu cha kwanza ambacho kijana wa mjini anamfanyia mama yake kijijini akipata hela ni sofa na choo cha kukaa. Tumemwondolea mama kuchuchumaa kwa gharama kubwa!

Kenya nako kulifanyika jambo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba kipajini. Walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati yoyote ya ziada kuliko kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 anatembea na kilo 12 bure kabisa. Ila ustadi huo wa kutembea hauzuii shingo kuumia. Mzigo mkubwa kichwani miaka nenda rudi unasaga pingili za shingo, na ngata iwe nene kiasi gani haisaidii hilo.

Basi mpaka hapa tuna mambo mawili yanayogongana. Uzito uliwavunja watu wetu, hilo historia haina shaka nalo. Na uzito ndio uliowaacha wazee wetu na miguu ambayo mstaafu wa Ulaya angeililia. Yote mawili ni kweli, na tofauti yake ni kipimo. Nani anaamua kiasi gani, mara ngapi, na lini utatua.

Kipimo ndicho kilichoingia mezani mwaka 1945, na kiliingia kupitia wanajeshi. Thomas DeLorme alikuwa daktari kijana wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Gardiner, Chicago, iliyojaa askari wenye magoti yaliyovunjika. Utaratibu wa siku zile ulikuwa kuwapumzisha na kuwapa vizoezi vyepesi, na walikaa wodini miezi. DeLorme mwenyewe alikuwa amewahi kuugua homa ya baridi yabisi ujanani na kujirudisha kwa kunyanyua vyuma. Akawapa askari vyuma vizito. Wakapona haraka. Utaratibu alioutengeneza na mwenzake Arthur Watkins ni rahisi mno: tafuta uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10 na siyo 11. Seti ya kwanza mpe nusu ya uzito huo, mara 10. Ya pili robo tatu. Ya tatu wote. Akizidi kuuweza, ongeza. Kipembe kidogo, kipembe kikubwa kidogo, pembe.

Lakini askari ni vijana. Kwa wazee madaktari waliendelea kuhubiri mapumziko kwa zaidi ya miaka 40. Misuli inapungua na umri, ni kweli, kuanzia miaka ya 50 hivi kama asilimia moja au mbili kila mwaka, na nguvu inashuka haraka kuliko misuli yenyewe. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg aliipa hali hiyo jina, sakopenia, akilalamika kwamba hakuna anayeitilia maanani kwa sababu haina jina. Kila mtu aliiita uzee tu.

Mwaka uliofuata, 1990, Maria Fiatarone na wenzake wakafanya kitu ambacho kwa wakati ule kilionekana ni uhuni. Walikwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee Boston, wakachukua wazee 10 dhaifu, umri miaka 86 hadi 96, wakawaweka kwenye mashine ya kunyoosha goti yenye uzito. Siyo uzito wa kubembeleza. Asilimia 80 ya kile mtu anachoweza kunyanyua mara moja tu. Siku tatu kwa wiki, wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, karibu mara tatu ya walivyoanza. Wawili waliacha fimbo za kutembelea.

Wakarudia mwaka 1994 kwa watu 100 wenye wastani wa miaka 87, wiki 10. Safari hii baadhi walipewa mazoezi, baadhi kinywaji cha lishe, baadhi vyote, baadhi hakuna. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu zaidi ya mara mbili. Waliopewa kinywaji bila mazoezi hawakupata cha maana. Nawakumbusha wote tunaotuma kopo la unga wa virutubisho kwa basi la Kigoma kila mwisho wa mwezi na kujiona tumemaliza.

Na sehemu ya utafiti ule wa 1990 inayonitisha kuliko zote ni hii: walipoacha mazoezi, ndani ya wiki nne tu sehemu kubwa ya nguvu waliyoipata ilianza kuyeyuka. Nguvu ya mzee haiwekwi benki.

Turudi Kidahwe sasa, maana hapa ndipo mambo yanapobana. Miaka 20 iliyopita imefanya kule kazi ambayo miaka 100 ya nyuma haikufanya. Mashine ya kusaga imeua kinu. Bodaboda anachukua gunia la mihogo, anamchukua na mwenye gunia. Bomba la maji likisogea karibu, ndoo haitoki mbali tena. Mashine za kukamua mawese zimeongezeka, hasa tangu serikali ilipoanza kuvalia njuga zao la michikichi Kigoma mwaka 2018 na kuanzisha kituo cha utafiti Kihinga. Haya yote ni mazuri, na mtu akija kuniambia turudishe kinu nitamwomba atangulie yeye kutwanga.

Ila mwili hausomi habari za maendeleo. Mwili wa mama wa miaka 62 aliyebeba kilo 20 kila siku tangu akiwa na miaka 12 unatarajia kilo 20. Zikiondoka zote ndani ya miaka miwili, misuli haiwezi kujua kwamba ameula. Inajua tu haitakiwi. Mama anaanza kushika ukuta akiinuka. Anaacha kwenda msibani kwa sababu ya kukaa chini kwenye mkeka na kuinuka. Siku moja anateleza bafuni, nyonga inavunjika, na mvunjiko wa nyonga kwa umri huo ni mlango ambao wengi hawarudi. Sisi tuko Dar na simu mkononi: "Mama, pumzika, umeteseka sana, acha kulima." Tunasema kwa mapenzi kabisa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mzee mtu wa miaka 60 na kuendelea, umri ule ule ambao mtumishi wa umma analazimika kustaafu. Watu wengi wanasoma hapo kwamba 60 ni umri wa kuketi. Mwalimu aling'atuka 1985 akiwa na miaka 63 akarudi Butiama kulima. Kampeni ya mazoezi iliyotangazwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, iliweka Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na watu walitoka kweli, lakini ilikuwa zaidi mchakamchaka. Mbio ni nzuri kwa moyo. Mbio hazimwinui mtu kutoka kwenye mkeka. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linawataka watu wa miaka 65 na zaidi, mbali na kutembea, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na yale yanayochanganya nguvu na mizani ya mwili angalau siku tatu.

Wapo waliokwishaanza bila kusubiri mwongozo. Korogocho, Nairobi, mabibi walianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kujifunza kupiga ngumi na mateke. Sababu yao ilikuwa ya kusikitisha, wabakaji walikuwa wakiwalenga wazee wanawake, lakini ukiwatazama wanavyosukuma mfuko wa ngumi unaona pia magoti na mabega yanayofanya kazi yake.

Sasa kwa Kidahwe nani atapeleka mashine ya Boston? Hahitajiki. Kuna dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kipimo hakidanganyi na wala hakihitaji mkalimani. Madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, mzigo umetoka kichwani na shingo imesalimika. Mzee anatembea nayo hatua 20 wima, anatua, anapumua, anarudia. Kuna kigoda: anakaa na kuinuka bila kushika kitu, mara 8, mara 10. Akizoea, anakumbatia dumu kifuani. Kuna ukuta wa kusukuma kwa mikono. Kuna ngazi ya mlangoni ya kupanda na kushuka. Seti mbili au tatu, siku mbili au tatu za wiki, siku ya kati apumzike kweli. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu, yasiwe ya kutetemeka. Asibane pumzi wakati wa kunyanyua, hasa mwenye presha, na mwenye moyo, presha isiyotulia au mfupa uliowahi kuvunjika aongee na daktari kwanza. Maumivu ya msuli kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, ya kifua au kizunguzungu siyo kawaida, hapo anaacha. Na chakula kiwe na protini, jambo ambalo kwa mkoa wenye dagaa wale na maharage yale ya Kasulu sioni aibu gani tutakayojitetea nayo.

Ugumu uliobaki ni wa adabu. Mzee mwenye madumu mawili mbele ya nyumba yake mwenyewe, wajukuu wamekaa, majirani watasema nini? Watasema watoto wake wamemtelekeza. Hili siyo dogo, kwa historia tuliyoipitia siyo dogo hata kidogo. Nimeona dawa moja tu inayofanya kazi, nayo ni kuwa wengi. Wakiwa watano au sita, saa moja asubuhi, uwanja wa shule au nyuma ya msikiti, wanahesabu kwa sauti, inakuwa ni chama, na chama hakuna anayekihurumia.

Nimejaribu kuigeuza hesabu ya DeLorme kuwa ya Ujiji. Chukua mama anayeweza kuinuka kwenye kigoda mara 10 na kilo 8, nusu frasila. Seti ya kwanza dumu lina lita 4. Ya pili lita 6. Ya tatu 8. Wiki ijayo akiona nyepesi, anaongeza nusu lita, yaani chupa moja ndogo ya maji. Kwa mwendo huo, akijaliwa na asiharakishe, frasila nzima ataifikia pengine mwakani, na safari hii hakuna kirangozi wa kumwambia asitue.